Mpigaji Ngoma Asiachwe Mlangoni

Siku hizi kijana mwenye kompyuta moja na maikrofoni moja aweza kurekodi wimbo chumbani kwake. Jambo hili ni jema, wala sisi hatulipingi. Lakini liko kosa linalotendeka humo vyumbani, na sisi wenyewe tumelitenda.

Mwaka jana vijana wa tawi letu walirekodi wimbo wa kuhimiza kisomo cha watu wazima. Tukamwita mzee mmoja, fundi wa mdundiko, naye akaja na ngoma zake. Alipofika alikuta mapigo yamekwisha kupangwa ndani ya kompyuta. Tukamwambia angoje. Alikaa mlangoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akauliza: "Wanangu, mimi nimeitwa kwa kazi gani?" Hatukuwa na jibu. Aibu hiyo ni yetu, na ndiyo sababu twaandika.

Mapigo hayo ya tayari ni nini? Ni kipande kifupi cha ngoma kilichonaswa mara moja, kikaungwa mkia kwa kichwa, kizunguke bila kukoma. Wanaokitetea husema chumba ni kidogo, majirani hulalamika, ngoma nyingi zataka maikrofoni nyingi, na mashine haichoki wala haidai nauli. Yote hayo ni kweli. Lakini lazima tuulize: nyuma ya kipande hicho yuko nani, naye alilipwa nini?

Tutazame mfano wa Marekani. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi wimbo uitwao "Amen, Brother". Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman alipiga peke yake kwa sekunde chache tu. Baadaye watu walikikata kipande hicho wakakizungusha katika maelfu ya nyimbo, na huko Uingereza muziki wa jungle ukajengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata malipo kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga pauni 24,000 wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer. Mchango ule ulikuwa wa heshima, lakini Coleman hakuwapo tena kuupokea. Ikiwa hayo yalimpata mtu ambaye jina lake lilijulikana, mzee wetu wa mlangoni atakuwaje?

Tena liko jambo la pili. Mapigo mengi ya tayari yanayouzwa hupangwa kwa hesabu ya nne. Ngoma zetu nyingi huenda kwa mafungu ya tatu yanayogongana na ya mbili. Chapuo husema, msondo hujibu. Wimbo wetu ule tuliupenda kwa mwendo wa mdundiko, lakini tulipouweka juu ya mapigo ya kununua, waimbaji walikokotwa kama mbuzi aendaye mnadani. Mpigaji aliye hai humsikia mwimbaji avutapo pumzi, naye humngoja. Mashine haimngoji mtu.

Hatusemi kompyuta zitupwe. La hasha! Twasema ziwe watumishi, zisiwe mabwana. Kila anayerekodi nyumbani atenge siku moja amwite mpigaji ngoma wa mtaa wake. Kama chumba hakifai, maikrofoni ipelekwe uani au chini ya mwembe. Akitaka kukata kipande na kukizungusha, akate cha ngoma hiyo, kwa idhini ya aliyeipiga. Na kabla ya kuanza waandikiane karatasi: jina la mpigaji, ujira wa siku ile, na fungu lake kipande kikitumika tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania inawatambua watendaji wa sanaa pia, si watunzi peke yao. Haki isiyoandikwa ni rahisi kuporwa.

Wazee wetu walisema, mtegemea cha nduguye hufa masikini. Sisi tuna ngoma na tuna wapigaji, ila wapigaji wanazeeka, na kijana asiyemwona fundi akiitwa na kulipwa hatajifunza kazi ile.

Tawi letu limekwisha mwendea yule mzee kumwomba radhi. Wimbo utarekodiwa upya, na safari hii yeye ndiye atakayeanza, waimbaji wamfuate. Matawi mengine nayo yafanye hivyo.