Tuwafundishe Wanafunzi Kuupima Moyo

Muulize mwanafunzi wa sekondari, awe wa Malindi au wa Kilifi, moyo una vyumba vingapi. Atakujibu papo hapo kwamba ni vinne. Muulize moyo huo husukuma damu kiasi gani kwa dakika, na jambo hilo lilijulikanaje bila kupasua kifua. Hapo atainamisha kichwa. Kosa si lake. Tumemfundisha kuuchora moyo, hatukumfundisha kuupima.

Na kuupima kwenyewe ni hesabu ya kugawanya. Mwaka 1870 mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Fick, alieleza kwamba oksijeni itumiwayo na mwili hubebwa na damu kutoka mapafuni. Basi ikiwa mtu mzima aliyepumzika hutumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na kila lita ya damu ipitayo mapafuni huchukua mililita 50, ni lita ngapi zimepita? Tano. Hiyo ndiyo kazi ya moyo.

Njia ya awali ilihitaji damu itolewe karibu na moyo kwa mpira uliopenyezwa mshipani. Baadaye ilibuniwa njia isiyotoboa mwili. Mgonjwa huvuta na kurudisha pumzi katika mfuko wenye gesi mbili, moja iyeyukayo katika damu na nyingine isiyoyeyuka. Kasi ya kupungua kwa ile ya kwanza huonyesha wingi wa damu inayopita mapafuni.

Huenda mwalimu akasema mitambo hiyo iko mbali nasi. Naam, lakini somo lenyewe liko mlangoni petu. Mwaka 1995 watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoko Kilifi walichapisha matokeo kuhusu watoto 1,844 waliolazwa huko kwa malaria. Kati ya 64 waliofariki, 54 walikuwa na dalili za kupumua kwa shida, kupungukiwa na fahamu, au zote mbili. Dalili hizo zilitambuliwa kando ya kitanda, bila mtambo wowote.

Kumtazama mtoto akipumua si sawa na kuupima moyo wake. Hata hivyo, msingi ni mmoja: pumzi huleta habari kutoka ndani ya mwili, nayo husomwa na aliyefundishwa.

Hapana budi, basi, walimu wa baiolojia na wa hisabati washirikiane. Wanafunzi wahesabu mapigo ya moyo na pumzi wakiwa wameketi, kisha baada ya kukimbia. Wachore grafu, waikokotoe na hesabu ya Fick. Kifaa kinachohitajika ni saa tu. Mwanafunzi aliyezoea hayo, awe Ganze au Magarini, huenda ndiye atakayesema nyumbani usiku kwamba mtoto huyu hapumui sawasawa, apelekwe hospitali sasa, asingojewe asubuhi.