Siku moja kando ya ziwa kule Goma



Mwezi huu tunawaomba jambo dogo. Siku njia itakapokuwa salama, na kama mko na ndugu wa kuwapokea Goma, pelekeni watoto kando ya ziwa. Si juu ya hospitali, si juu ya kutafuta karatasi. Kutembea tu na kuona.

Tunajua wengine watacheka: "Kutembea gani, na vita hii?" Ni kweli. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, hakuna anayepanga safari kama zamani, na mtu wa Walikale anafikiri mara mbili. Mbele ya kutoka, ulizeni watu waliopita njia ile jana. Lakini fikirini hili: watoto wengi wa Masisi walikwisha kuliona Ziwa Kivu. Waliliona wapi? Bulengo, kwenye kambi, bidon kichwani. Kambi zile zilibaki tupu Februari 2025, watoto wakaondoka, na kwao ziwa limebaki jina la taabu. Inafaa waliangalie tena kwa macho mengine.

Anzeni kuwaonyesha tangu Sake. Pale, mbele ya kufika Mugunga, kuna mawe meusi pande zote. Kati ya 1938 na 1940 mlima Nyamulagira ulitoa lava, nayo ikashuka mpaka ndani ya ziwa karibu na Sake. Kama kuna mzee katika jamaa aliyesikia habari hiyo kwa wazazi wake, mwache asimulie yeye. Atasema vizuri kuliko sisi.

Mkifika mjini, tafuteni pahali penye kuonekana Gisenyi. Mtoto atauliza: "Papa, kule ni muji mwingine ao ni hii hii?" Nyumba zinafuatana, maji ni moja. Mwambieni kwamba Mjerumani von Götzen alifika kwenye ziwa hili mwaka 1894, na kwamba mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walipatana juu ya mpaka, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Goma na kisiwa cha Idjwi kwa Wabelgiji. Wenye kuishi kando ya maji hawakuulizwa.

Kiisha tembeeni kwa miguu katikati ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na ikaingia ziwani. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na maelfu na maelfu walikimbilia Gisenyi. Angalieni kuta na ua za nyumba: watu walivunja mawe yaleyale yaliyowafukuza, wakajengea. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoa moto tena, safari hii lava ikasimama mbele ya kufika uwanja wa ndege. Watoto washike jiwe moja mkononi. Ni jepesi, lina matundu, na matundu hayo ni alama za hewa iliyokuwa ndani ya lava.

Jambo moja linaudhi, na tunalisema wazi. Sehemu kubwa ya kando ya ziwa imefungwa na kuta za hoteli na nyumba za wakubwa. Mobutu naye alikuwa na jumba lake pale majini. Jamaa ya watu saba haiwezi kulipa Fanta saba juu ya kuona maji tu. Kwa hiyo wengi wanaishia Kituku, penye soko na mashua. Si pahali pabaya. Kuna kelele, kuna chukudu, kuna bidon za manjano, na kuna sambaza. Nunueni sambaza za kukaanga, mle na fromaji mliyotoka nayo Masisi. Na vijana wajue: samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Tanganyika karibu na 1960, na leo analisha miji yote ya kandokando.

Sasa sikieni vizuri. Pale Kituku mtoto ataona mashua na kusema: "Mama, tupande kidogo!" Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu kabisa na Kituku, watu wa ufukoni wakiangalia. Makumi walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, sababu vita ilikuwa imefunga barabara ya Minova na watu hawakuwa na njia nyingine. Wale walikuwa na shida. Wewe uliyekuja kutembea huna shida ile. Kama hakuna jile ya kuokoa kwa kila mtu, na ya kipimo cha mtoto kwa mtoto, usipande, hata mwenye mashua akikucheka.

Tena, upande wa magharibi ya mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo, kuna mazuku. Ninyi mnaoshuka ndani ya mashimo Rubaya na Walikale mnajua hewa mbaya ya chini. Mazuku ni jamaa yake: ni gazi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inakaa ndani ya vibonde, haina rangi. Inakuwa kali usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala. Papa amesimama hasikii kitu, lakini mtoto aliyeinama kuokota mpira anaanguka. Ukiona panya ao ndege amekufa ndani ya kibonde, rudi. Mtu akianguka mule, usimfuate mbio bila kufikiri, sababu wengi wamekufa wawili wawili namna hiyo.

Na maji ya ziwa msinywe bila kuchemsha. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Goma, kolera iliua maelfu kwa juma chache.

Mkikaa mpaka jioni kwa ndugu zenu, teremkeni tena kidogo. Mtaona mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, nyavu katikati, wavuvi wanaimba wakienda. Giza likiingia wanawasha taa, na sambaza wanapanda wenyewe kufuata mwangaza.