Bolti ya kisu ikigoma, tindo iwe ya mwisho

Imekuwa ni kawaida kwa wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa kuifungua mashine ya kukatia majani siku ile tu kisu kinapokuwa butu kabisa. Siku hiyo bolti haifunguki. Maji ya matete yamejipenyeza kwenye meno yake kwa miezi kadhaa, kutu imeshika, na fundi anayeitwa anafika na nyundo na tindo. Baada ya nusu saa kichwa cha bolti kimeviringika, ng'ombe wanalia bandani na maziwa ya jioni yamepungua.

Kwa maoni yangu kinachotuponza ni haraka kuliko kutu. Bolti iliyoganda inahitaji usiku mmoja tu wa subira, na gharama yake ni kikombe cha dizeli iliyochanganywa na oili kidogo.

Kabla ya yote, chomoa waya wa umeme au vua mkanda wa injini. Kwamisha gurudumu kwa kipande cha mbao na ufunike kisu kwa gunia. Spana ikiteleza, mkono uende mbali na makali. Wapo waliopoteza vidole kwenye mashine iliyozimwa, kwa sababu gurudumu lile ni zito na hujizungusha lenyewe likiguswa.

Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya, mimina mafuta na uache hadi asubuhi. Asubuhi gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, wima, mara kadhaa. Mtikisiko huo ndio unaoivunja kutu. Tumia spana ya duara au boksi ya pembe sita inayoenea sawasawa. Ile spana ya kurekebisha, ambayo jina lake la gereji haliandikiki gazetini, ndiyo inayoviringisha vichwa vingi. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza, ongeza mafuta, rudia. Aidha, tazama meno yanaelekea wapi. Bolti nyingi hufunguka kinyume cha mwendo wa saa, lakini baadhi ya mashine za kufyekea nyasi, zikiwamo zile za kuendesha umekaa, zina bolti za visu zenye meno ya kushoto. Huko ukidhani unafungua, unakaza.

Ikikataa bado, pasha moto nati, si kisu. Futa mafuta kwanza yasiwake. Kisu kikipata moto hadi kugeuka rangi kuwa buluu, ugumu wake umekwisha na hakitashika makali tena. Nati iliyoshindikana ikatwe kwa msumeno wa chuma. Nati ni rahisi kuliko gurudumu. Na kama kichwa kimeviringika, fundi anaweza kuchomelea nati kubwa juu yake, akafungulia hapo.

Lakini ipo tabia moja ambayo haina budi kukomeshwa. Bolti ikikatikia ndani, baadhi ya mafundi huchomelea kisu moja kwa moja kwenye gurudumu ili mfugaji aondoke na kazi yake. Weldi ya namna hiyo ikiachia mashine ikiwa kwenye kasi, kisu kinaruka kumfuata anayelisha majani, na mara nyingi huyo ni mtoto au kijana wa kazi.

Wauzaji wa vipuri nao wana sehemu yao. Bolti yenye alama 8.8 kichwani inahimili mvuto mara mbili ya ile ya 4.6, hata kama unene ni ule ule, na nyingine hazina alama yoyote. Madukani zote huchanganywa kopo moja na kuuzwa kwa kupimwa urefu tu. Zitenganishwe. Mfugaji akifika na bolti ya zamani mkononi, isomwe kwanza namba ya kichwani, bei itajwe baadaye, na auziwe na grisi ya kupaka kwenye meno kabla hajaifunga.