Namba ya ukutani haipatikani Agosti

Kaka yangu aliyebaki Magomeni hunipigia simu kila Jumapili, na swali lake la kwanza halibadiliki: "Mdogo wangu, ule mpira wa kuvaa helmeti bado unautazama?" Bado. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko Philadelphia, napanga maboksi usiku kwenye ghala, na aliyenifundisha kuutazama mchezo huo ni mzee mmoja wa zamu yetu aliyechoka kuniona nikiruka kila mpira uliporushwa. "Wewe unafuata mpira," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemshtaki mtoto kwa mama yake. "Achana na mpira. Tazama wale wanene watano."

Nikawatazama. Tangu siku hiyo mpira wenyewe sijui hata unapita wapi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, nieleze kwa kifupi. Timu yenye mpira hupanga watu watano mbele, karibu bega kwa bega, wengi wao na kilo zao kama mia na arobaini. Wa katikati anaitwa senta. Ndiye anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki, yaani mrushaji na mwongozaji wa timu. Kushoto na kulia kwa senta wamekaa magadi wawili, na pembeni kabisa wawili wengine. Hao watano ndio ukuta. Wanawazuia wapinzani wasimfikie kwotabeki, na wanamfungulia njia mwenzao anayekimbia na mpira. Kwa kawaida hawaruhusiwi hata kudaka pasi. Ukisikia mmoja wao anatajwa uwanjani, ujue mara nyingi ni mwamuzi anatangaza namba ya mkosaji: katikisika kabla ya mpira kuanzishwa, yadi tano nyuma, kamshika mtu jezi, yadi kumi nyuma.

Kila mwisho wa Julai timu za ligi kuu ya Marekani, NFL, huingia kambini na wachezaji 90. Kabla msimu haujaanza lazima wabaki 53. Ukuta una nafasi tano tu za kuanza, na hakuna mtindo wa kuingia dakika ya sitini kama kwetu. Mtu wa ukutani akianza, mara nyingi anamaliza. Basi Agosti nzima magazeti ya hapa hujaa vita ya namba: nani kaanza leo na kikosi cha kwanza, nani kashushwa cha pili, nani kapigwa chini na kijana wa chuo mbele ya kocha.

Mimi nasema vita hiyo ya Agosti ni ya kuuzia magazeti. Namba ya ukutani hupatikana mapema zaidi, mahali ambapo hakuna mwandishi, na mwenye kuitoa ni mwalimu. Timu isiyo na mwalimu inacheza bahati nasibu, hata imwage pesa kiasi gani.

Ushahidi wangu uko hapa hapa mjini, kwa Philadelphia Eagles.

Aprili 2018, siku ya kuchagua vijana wapya, Eagles walimchukua Jordan Mailata katika raundi ya saba, raundi ya mwisho, akiwa mtu wa 233. Ni mzaliwa wa Sydney, Australia, wazazi wake Wasamoa, na alikuwa anacheza raga ya ligi. Mpira wa Kimarekani alikuwa hajaucheza hata mechi moja maishani. Ana urefu wa mita mbili na zaidi na kilo kama 165, lakini umbo peke yake halijui mguu upi utangulie. Mwaka uliofuata, 2019, klabu ikamchagua Andre Dillard katika raundi ya kwanza, mtu wa 22, tena ikatoa nafasi zake nyingine ili isogee mbele na kumpata. Wote wawili wakaelekezwa sehemu moja: pembeni kushoto.

Pembeni kushoto si mahali pa kumweka yeyote. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijiandaa kurusha, mgongo wake huelekea kushoto. Adui wa upande huo hamwoni. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1985 Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangukia Joe Theismann wa Washington na mguu ukavunjika mbele ya taifa zima kwenye televisheni. Theismann hakucheza tena. Mtu wa kuulinda mgongo huo akaja kuwa miongoni mwa wanaolipwa vizuri kuliko wote uwanjani.

Kwa hesabu ya dirisha la usajili, namba ilikuwa ya Dillard. Ndivyo na sisi tunavyofikiri. Akishuka uwanja wa ndege mchezaji wa bei mbaya, tumeshampanga kikosi cha kwanza kabla hajachukua begi lake. Mailata alikaa misimu miwili, 2018 na 2019, bila kucheza mechi hata moja ya ligi. Kusugua benchi ni kule kwa kuvaa jezi. Huyu hata benchi ilikuwa mbali naye.

Lakini alikuwa na mwalimu. Jeff Stoutland alikuja Eagles mwaka 2013 kuwa kocha wa ukuta. Agosti mmoja nilikata tiketi ya mazoezi ya wazi uwanjani, nikakaa upande ambao wanene wanafanyia mazoezi yao, na sauti yake niliisikia kabla sijaketi. Watu wazima, baba za watoto, walikuwa wanafanyishwa kitu ambacho ungedhani ni adhabu ya shule ya msingi: kurudi nyuma kwa hatua fupi, mguu wa nje unaburuta nyasi, wa ndani unaufuata bila kuugonga, makalio chini, mikono kifuani kama mtu aliyeshika sinia la chai. Hatua tatu, simama. Rudi mwanzo. Hatua tatu, simama. Aliyeinua kisigino aliitwa kwa jina. Nilihesabu mara ishirini, nikaacha. Upande wa pili mashabiki walikuwa wanashangilia mipira mirefu, na huku mtu wa kilo mia na hamsini anafundishwa kurudi kinyumenyume.

Fikiria Mailata alifanya hivyo miaka miwili.

Agosti 2020 Dillard aliumia msuli wa mkono, msimu wake ukaisha kabla haujaanza. Mkongwe Jason Peters akarudishwa pembeni kushoto, naye akaumia kidole cha mguu. Tarehe 4 Oktoba 2020, ugenini dhidi ya San Francisco 49ers, Mailata akaanza mechi yake ya kwanza. Eagles wakashinda 25 kwa 20. Kiangazi cha 2021 kocha mkuu mpya, Nick Sirianni, akatangaza vita ya namba kati ya Mailata na Dillard, waandishi wakapata chakula chao cha Agosti, na mwisho wa mwezi namba akapewa Mailata. Siku chache baadaye akasaini mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 64. Dillard alibaki kuwa akiba, kisha 2023 akaenda Tennessee.

Msomaji mkali atanishika hapo: si majeruhi ndiyo yaliyompa Mailata nafasi? Ndiyo. Nakubali kabisa. Ukuta ni mahali pa kuumia, na akiba wengi wameingia kikosi cha kwanza kwa njia hiyo. Ila mlango ukifunguliwa na majeruhi, wengi huingia wiki moja na kutoka wiki ya pili, kwotabeki wao akiwa chali. Mlango ni bahati. Kubaki ndani ni zile hatua tatu za kinyumenyume. Mwenyewe analijua hilo: wachezaji wanapojitambulisha kwenye televisheni hutaja chuo walichosoma, Mailata, ambaye hakuchezea chuo chochote, alisema anatoka Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, maana nilimkumbuka baba.

Baba yangu alikuwa anavuta mkokoteni Kariakoo. Magunia ya mahindi, mara nyingine saruji, kutoka sokoni kushuka bonde la Jangwani na kupandisha Magomeni. Yeye alishika mbele, wawili wakasukuma nyuma. Mwaka mmoja mtu wake wa nyuma aliugua, akaletewa kijana wa Manzese, bondia, kifua kama mlango wa godauni. Siku ya kwanza kwenye mpando wa Jangwani yule kijana alisukuma kwa nguvu zake zote, lakini alisukuma wakati wenzake wanavuta pumzi. Mkokoteni ukakaa upande, magunia mawili yakaingia matopeni, na baba akayalipia. Hakumfukuza. Wiki nzima alimtembeza na mkokoteni mtupu alfajiri, kabla soko halijafunguliwa, akimfundisha kuhema na wenzake. Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa juu ya mkokoteni kama mzigo. Watu walimcheka baba kwa kuvuta mtoto na hewa. Yule kijana alikaa naye miaka sita.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watafutwe watu watano wenye nguvu kuliko wote, basi. Watano wa ukutani wanahema pamoja. Ugenini, kelele zikizidi, kwotabeki hasikiki. Gadi hugeuza shingo kumtazama nyuma, akiona ishara anamgusa senta, senta anainua kichwa, wote wanahesabu kimoyomoyo, kisha mpira unaondoka. Mmoja akiwahi kwa nukta, ni yadi tano. Akichelewa, kwotabeki yuko chini. Ukibadilisha mtu mmoja hapo umebadilisha pumzi ya wote watano, na kocha anayechezesha namba hizo kila wiki eti kuwapa watu changamoto mimi namwona mtu wa kulipia magunia.

Kuna jambo jingine la Eagles ambalo nisingeliamini kama lisingesemwa hadharani. Jason Kelce, senta wao, alichaguliwa 2011 akiwa mtu wa 191, akachukua namba mwaka huo huo wa kwanza na kukaa nayo misimu 13. Mwaka 2022 klabu ilimwomba awatazame masenta vijana waliokuwa wanatoka vyuoni. Akamtaja Cam Jurgens wa Nebraska kuwa ndiye aliyempenda zaidi, na klabu ikamchukua. Yaani mtu alimchagua kwa mkono wake atakayeketi kwenye kiti chake! Jurgens akakaa nyuma yake mwaka mmoja, mwaka wa pili akacheza gadi ubavuni kwake, na Kelce alipostaafu Machi 2024 kiti kikapata mtu bila vita. Hiyo nayo ni kugombea namba, ila hakuna gazeti litakaloiweka ukurasa wa mbele.

Mwaka huo huo akaja Mekhi Becton. New York Jets walimchagua 2020, mtu wa 11, acheze pembeni. Goti likamwangusha, msimu mzima wa 2022 akaukosa. Alikuja Philadelphia kwa mkataba wa mwaka mmoja, bei ya kutupa kwa viwango vya hapa. Wakamsogeza ndani akawa gadi wa kulia, mahali asipopajua. Mshindani wake, Tyler Steen, akaumia wakati wa maandalizi, Becton akashika namba. Nyuma ya ukuta huo mkimbiaji wao, Saquon Barkley, alikimbia yadi 2,005 katika msimu wa kawaida, na tarehe 9 Februari 2025, New Orleans, Eagles wakaifunga Kansas City 40 kwa 22 wakawa mabingwa. Becton akaondoka na mkataba mnono kwenda Los Angeles Chargers, na namba yake akachukua Steen, yule yule aliyekuwa amesubiri. Ghala letu usiku wa ubingwa lilikuwa na watu wanne kazini. Tulipakia lori moja.

Naandika haya kwa sababu habari za ligi hii zimeanza kufika nyumbani. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts, akawekwa upande wa ulinzi. Alicheza mechi chache, na 2015 wakamwacha. Mailata alipitia programu ya NFL ya kutafuta wachezaji wa nchi za nje, na 2023 ligi hiyo ilipeleka kambi yake Nairobi. Vijana warefu wenye miguu myepesi tunao, na watapimwa urefu, uzito na mbio, kisha baadhi yao watapewa tiketi ya ndege.

Kijana wenu akiitwa, nawaomba wazazi, dola msizianze ninyi kuzitaja. Ulizeni kwanza jina la kocha atakayemfundisha, na kocha huyo amekaa na timu hiyo miaka mingapi.