Maoni: Pesa za utafiti juu ya uzee zipo, mbona hazifiki Kivu?

Hapa mashariki mwa Kongo, koko akianza kusahau majina ya wajukuu, akatoka nyumbani usiku bila kujua anaenda wapi, akazungumza na watu ambao wengine hawawaoni, majirani wengi hawasemi kwamba ni mgonjwa. Wanasema ni mlozi. Mwaka 2021, katika jimbo la Kivu Kusini, wanawake waliuawa na umati wenye hasira kwa sababu ya shutuma kama hizo, wengine kwa kuchomwa moto. Ni wangapi kati yao walikuwa na ugonjwa wa ubongo? Hakuna jibu, kwa sababu mtu anayeitwa mlozi hapelekwi kwa daktari.

Ndiyo maana swali la pesa za utafiti juu ya uzee si la maprofesa peke yao. Ni swali la kijiji na la familia. Na mimi nasema wazi: pesa hizo zipo duniani. Kama hazifiki kwetu, sehemu ya kosa ni ya wale wanaozigawa, lakini sehemu nyingine ni yetu wenyewe, na hiyo tunaweza kuirekebisha.

Tuanze na pesa zenyewe. Marekani ina taasisi ya serikali inayoshughulikia uzee peke yake, National Institute on Aging, iliyoundwa mwaka 1974 ndani ya NIH. Katika miaka ya karibuni bajeti yake imepita dola bilioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa inaenda kwenye Alzheimer na magonjwa mengine ya kupoteza kumbukumbu. Kuna chama cha Alzheimer's Association, pia cha Marekani, kinachotoa ruzuku hata kwa watafiti wa nchi nyingine. Kuna Global Brain Health Institute, yenye makao San Francisco na Dublin, inayofundisha watu kutoka nchi mbalimbali kisha kuwapa pesa kidogo za kuanzisha mradi kwao. Kuna Wellcome ya Uingereza. Ubelgiji, kwa njia ya ARES na VLIR-UOS, imeshirikiana na vyuo vikuu vya Kongo kwa miaka mingi. Umoja wa Mataifa nao umetangaza miaka 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya njema.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu, hayafanyiki katika vijiji vya Afrika. Si kweli. Afrika Kusini, katika eneo la Agincourt, jimbo la Mpumalanga, watafiti walianza mwaka 2014 kufuatilia afya ya watu 5,059 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, kwa pesa za taasisi hiyo ya Marekani. Ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, pamoja na Jamhuri ya Afrika ya Kati, utafiti ulioitwa EPIDEMCA ulipima wazee wapatao 2,000 mijini na vijijini kati ya 2011 na 2012, kwa pesa za Ufaransa. Tanzania, katika wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa mwaka 2010. Ilionekana kwamba watu 6 hivi kati ya 100 wa umri huo wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Mfano wa Hai unatugusa zaidi, kwa sababu kazi ile ilifanyika kwa Kiswahili. Watafiti waliona kwamba vipimo vya Ulaya vinamwonea mzee ambaye hakusoma: unampa kalamu achore saa, na yeye hajawahi kushika kalamu. Wakatengeneza kipimo kifupi, IDEA, kwa msaada wa Grand Challenges Canada. Mzee anaulizwa daraja ni kitu gani, anataja majina ya wanyama, anakumbuka maneno aliyosomewa, anasema leo ni siku gani na chifu wa kijiji ni nani, anapanga vijiti vya alimeti kufuata mfano. Kalamu haihitajiki.

Je, kipimo hicho kinaweza kuletwa Kalehe au Lubero kama kilivyo? Hapana, na hapo ndipo kazi ya mtafiti wetu inapoanza. Kiswahili cha Moshi si kile cha Bukavu, na wazee wengi wa vijijini wanafikiri kwa Mashi, Kihavu au Kinande. Swali la chifu lina shida kubwa zaidi. Mama aliyekimbia vita mara tatu na sasa analala katika shule au kanisa la kijiji asichokijua, hajui jina la chifu wa pale. Akishindwa kujibu, ni ubongo wake umechoka au ni vita vilivyomhamisha? Swali kama hilo mtu wa Boston hawezi kulitatua. Tena halijibiwi bila pesa, maana inabidi kwenda kijiji kwa kijiji, kulipa wapimaji, na kulinganisha matokeo na uchunguzi wa daktari.

Kuna na swali la umri. Nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Watafiti wa EPIDEMCA walikutana na shida hiyo hiyo wakaitatua kwa kutumia matukio ya historia. Kwetu matukio hayakosekani. Aliyezaliwa siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, amekwisha kupita miaka 65. Mama anayesema alizaa mtoto wa kwanza wakati wa vita vya Mulele mwaka 1964, au wakati mamluki wa Schramme walipokaa Bukavu mwaka 1967, huyo unaweza kukadiria miaka yake bila karatasi yoyote.

Sasa, kwa nini pesa hazifiki? Sababu ya kwanza ni kwamba pesa za utafiti hufuata hofu. Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, dunia iliogopa, na pesa zilikuja haraka. Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilipokea utafiti wa dawa uliochukua wagonjwa 681, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB pamoja na Wamarekani. Dawa mbili zilionekana kuokoa maisha. Moja kati yake ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Yote hayo yalifanyika huku risasi zinalia. Basi asije mtu kutuambia kwamba mashariki haiwezi kufanya utafiti wa kiwango cha dunia. Tatizo ni kwamba koko anayesahau hamwambukizi mtu wa Ulaya, kwa hiyo hatishi mtu.

Sababu ya pili ni vita na siasa za wafadhili. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, benki zilifunga milango. Mtafiti aliyepata ruzuku atapokelea wapi pesa? Kisha Mei 2025, NIH ilitangaza kwamba inasimamisha njia ya zamani, ambapo chuo cha Marekani kilipokea ruzuku na kupitisha sehemu yake kwa washirika wa nje, mpaka mfumo mpya uwekwe. Kwa watafiti wengi wa Afrika, huo ndio ulikuwa mlango wao mkuu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na safari hii ndugu amefunga mlango bila kubisha hodi.

Sababu ya tatu ni yetu. Mfadhili hatoi pesa kwa profesa mwenye akili tu. Anatoa kwa taasisi yenye mhasibu anayeeleweka, hesabu zilizokaguliwa, kamati ya maadili inayojibu kwa wakati, na mtu wa kuandika ripoti. Katika vyuo vyetu vingi kazi hizo zote anabebeshwa mwalimu mmoja, ambaye asubuhi anafundisha, mchana anatibu, na usiku anatafuta umeme wa kujaza fomu. Mwisho wake anakubali kuwa mkusanyaji: anachukua damu ya wazee, anaituma nje, na jina lake linatokea la saba kwenye makala.

Wafadhili nao hawajasaidia hapo. Kwa miaka mingi NIH imelipa taasisi za nje asilimia 8 tu kwa gharama za ofisi na usimamizi, wakati vyuo vikubwa vingi vya Marekani vilipata zaidi ya asilimia 50. Kwa 8 huwezi kujenga ofisi. Halafu unaambiwa hustahili ruzuku kwa sababu huna ofisi.

Najua pingamizi litakalokuja. Watoto wanakufa kwa malaria, kambi zimejaa, wanawake wanabakwa, na wewe unatuletea habari za wazee? Nasikia. Lakini tazama nani analea mayatima wa vita hivi. Katika nyumba nyingi ni nyanya. Siku tansio inampeleka chini kwa kiharusi, watoto watano wanabaki bila mtu. Tena utafiti wa uzee hauanzii kwenye miaka 80. Wa Agincourt ulianza na watu wa miaka 40, kwa sababu tansio na ugonjwa wa sukari huharibu mwili taratibu, miaka mingi kabla ya mvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu wamekwisha kuchapisha kazi kuhusu magonjwa hayo katika Kivu Kusini. Msingi upo, unangoja kuta.

Kinshasa pia imeanza. Mtaalamu Jean Ikanga, anayefanya kazi kati ya Chuo Kikuu cha Emory na kile cha Kinshasa, pamoja na wenzake, wanachunguza Alzheimer kwa Wakongomani, hata kutafuta dalili zake katika damu. Ni jambo la kujivunia. Lakini mzee wa Kinshasa na mzee wa Masisi hawakuishi maisha yale yale. Kama nchi itajua uzee wake kupitia mji mkuu peke yake, itajua nusu.

Tufanye nini? Kwanza, vyuo vya mashariki viache kila kimoja kutafuta kivyake. Bukavu, Goma, Butembo na Kisangani vingeweza kuwa na ofisi moja ya ruzuku, yenye mhasibu mmoja mzuri na akaunti katika benki inayofanya kazi, hata kama ni mbali na vita. Pili, tuanze na ruzuku ndogo, kwa kujaribu kipimo kimoja katika kanda moja ya afya; matokeo ya mwanzo ndiyo yanayofungua mlango wa pesa kubwa. Tatu, kila mkataba uandike damu itahifadhiwa wapi, takwimu ni za nani, na nani atatia jina la kwanza kwenye makala. Nne, matokeo yarudishwe kwa wazee na kwa machifu, kwa lugha yao. Mchungaji na chifu wakielewa kwamba kusahau ni ugonjwa, pengine watasimama mbele ya umati kabla jiwe la kwanza halijarushwa.

Na serikali isijifiche nyuma ya vita. Ibara ya 49 ya Katiba inasema mzee ana haki ya hatua maalum za ulinzi kwa mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Mwaka 2008, mjini Algiers, mawaziri wa Afrika waliahidi kwamba angalau asilimia 2 ya matumizi ya nchi kwa afya zitaenda kwenye utafiti. Hatuombi muujiza. Tunaomba wabunge wetu, kila bajeti inapopita mikononi mwao, wamuulize waziri swali moja: mwaka huu nchi imetoa franka ngapi kuchunguza afya ya wazee? Jibu likiwa sifuri, lisemwe kwa sauti, liandikwe, na mwaka unaofuata aulizwe tena.

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema kila siku. Basi tuonyeshe kwamba tunaamini maneno yetu, kwa kuwapima wazee hao kabla ya kuwahukumu.