WIMBO USEME JAMBO LENYEWE



Akija mgeni wa afya kijijini, kwaya humwimbia. Humsifu mgeni, humsifu mwenyekiti, kisha huimba kwamba tujikinge na UKIMWI. Tujikinge kwa kitu gani? Kwaya haisemi. Mgeni hupiga makofi, hupanda gari, huondoka. Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati, na nasema wimbo wa namna hiyo haumsaidii mtu.

Remmy Ongala hakuimba hivyo. Alizaliwa Kongo mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978, akaongoza bendi ya Super Matimila. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Karibu na mwaka 1990 Remmy akatoa wimbo "Mambo kwa Soksi". Soksi hiyo si ya mguuni. Ni kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu wakausikia kwenye dansi na kwenye kaseti, wakaucheza.

Naelewa kwa nini ulikataliwa. Redio husikilizwa na baba, mkwe na watoto wakiwa wamekaa pamoja. Hata hivyo naona haikuwa sawa. Ugonjwa ulikuwa umeingia nyumba hizo hizo. Na kijana aliyeona haya kutamka kondomu, soksi aliweza kuitamka.

Wimbo peke yake hautoshi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Kwaya zetu nazo zikimaliza kuimba, watu wakae, waulize maswali, na sisi wa zahanati tuwepo tujibu.

Tena, tuache nyimbo za kutisha. Bado ziko zinazosema ukiupata umekufa. Si kweli. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku, na vipimo vikaonyesha virusi vimepungua hata havionekani, huishi miaka mingi na hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Aliyetishwa hukimbia kipimo. Huja kwetu akiwa amebebwa kwenye baiskeli.

Watunzi, tungeni kuhusu kupima, dawa na kondomu, na mzitaje. Nawe msomaji, ukifika zahanati ukaona haya kwa sababu ya foleni, sema umefuata soksi. Tutaelewana.