TUULIZE KABLA YA KULIPA KARO



Katika chama chetu wako makarani wa hesabu, makeshia na watunza stoo wengi ambao kila jioni hukimbilia darasani baada ya kazi. Wanatafuta CPA. Nia hiyo twaisifu sana. Lakini twasikitika tuonapo mwenzetu amelipa chuo karo ya mwaka mzima, na mwishowe hana kitu mkononi ila risiti.

Yafaa tufahamu kwamba mtihani huu ni wa KASNEB, iliyoanzishwa na Serikali mwaka 1969. KASNEB hutahini, haifundishi. Chuo hufundisha, lakini hakitoi cheti cha CPA. Karo ya chuo ni mbali, na ada ya mtihani ni mbali. Basi chuo kinachokuahidi kwamba lazima utapasi kinauza mali isiyo yake.

Kabla ya kutoa shilingi moja, tuulize maneno manne.

Kwanza, je, chuo kimeandikishwa kwa sheria, na KASNEB inakitambua? Tusitosheke na kibao cha mlangoni.

Pili, katika mtihani uliopita waliketi wangapi, na walipasi wangapi? Ni desturi kubandika picha ya mmoja aliyeshinda, na kunyamaza juu ya wale waliokaa naye benchi moja.

Tatu, mwalimu husahihisha mazoezi, au husoma maandishi yake tu na kwenda zake? Hesabu haijifunzwi kwa masikio.

Nne, saa za masomo ni zipi? Darasa la saa kumi na moja na nusu halimfai mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili.

Tena mtihani wenyewe una madaraja matatu. Haifai kulipia yote kwa mkupuo. Lipa kidogo, uone mafundisho, ndipo uendelee.

Sasa twageukia matajiri. Tajiri hutakiwa kulipa NITA kwa kiasi cha Sh. 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, kwa ajili ya mafunzo. Akifundisha watu wake kwa mpango uliokubaliwa kabla, aweza kuomba arudishiwe gharama. Fedha hizo zatolewa kwa hesabu ya vichwa vyetu, nasi hatuziulizi! Twashauri kwamba katika mapatano yajayo, msaada wa karo na ruhusa ya siku za mtihani viandikwe pamoja na mshahara.

Mtu mmoja mbele ya meza ya chuo ni mnyonge. Watu kumi wa tawi moja wakienda pamoja, waweza kuomba saa ziwafaazo na karo ya kulipwa kidogo kidogo. Kwa hiyo kila aliyepata kusoma, aliyepasi na aliyeanguka, amweleze katibu wa tawi lake ukweli wa chuo chake, ili anayefuata asitumbukie shimo lile lile. Kuanguka mtihani si aibu. Aibu ni kumficha ndugu yako shimo ulilokwisha kuliona.